Kujibu Maswali ya Wanunuzi Unapouza Vitu Vilivyotumika Mtandaoni: Mwongozo Kamili kwa Muuzaji wa Kigoma

Lalamiko ninaloletewa mara nyingi hapa Kigoma ni moja. Mtu anaweka mtandaoni picha ya friji, kitanda au simu yake, anapokea meseji 30 kwa siku mbili, anazijibu zote kwa uaminifu, na mwisho wa wiki kitu bado kimekaa pale pale sebuleni. Anahitimisha kwamba watu hawana fedha, au kwamba wanachezea simu tu. Wapo wanaochezea, sikatai. Lakini kila nilipoomba kuyasoma mazungumzo yenyewe, niliona mara nyingi kwamba mnunuzi aliuliza jambo moja akajibiwa jingine, au alijibiwa neno moja akaachwa hajui afanye nini baada ya hapo.

Mwongozo huu unahusu kipande hicho tu, kuanzia swali la kwanza hadi kitu kinapotoka mlangoni. Nimetumia friji kuwa mfano mkuu kwa sababu ndiyo inayoulizwa maswali mengi, na simu kwa sababu ndiyo inayozua ugomvi mwingi.

## Vitu vya kuandaa

Vikusanye kabla ya kupiga picha hata moja, maana muuzaji anayeanza kutafuta futikamba baada ya kuulizwa vipimo hupata majibu wakati mnunuzi amekwisha hamia kwenye tangazo la mwingine.

- Daftari na kalamu. Kila mnunuzi apewe mstari wake: jina alilojitambulisha nalo, namba, alichouliza, bei aliyotaja na siku aliyoahidi kuja. Usitegemee kichwa, watu watano wakiuliza kwa pamoja utajikuta unamtajia mtu wa Ujiji bei uliyokwisha kumpa mtu wa Gungu.
- Futikamba.
- Simu yenye chaji, ambayo kioo cha kamera yake kimefutwa vumbi.
- Risiti ya kununulia, au ya fundi kama kitu kiliwahi kutengenezwa.
- Soketi inayofanya kazi, glasi ya maji na kipande cha karatasi, ikiwa unauza friji.
- Bei tatu zilizoandikwa kwenye daftari: ya tangazo, ya kukubali kwa furaha, na ile ambayo chini yake hushuki.
- Mahali pa kukutania palipoamuliwa mapema, penye watu na mwanga.

## Hatua ya 1: Kikague kitu chako kama mtu asiyekuamini

Umeishi na friji hiyo miaka minne, kwa hiyo huoni tena kwamba rafu ya mlangoni ina ufa. Mgeni ataiona ndani ya dakika moja. Toa kila kilichomo, isafishe, kisha izunguke taratibu ukiandika kila mkwaruzo, kila mbonyeo, kila kipande kilichopotea. Soma kibandiko cha kiwandani, ambacho mara nyingi huwa ndani ya kuta au nyuma karibu na kompresa, unakili modeli, ujazo kwa lita, aina ya gesi na umeme inaotumia.

Kwa simu, piga *#06# ili namba ya IMEI yenye tarakimu 15 ijitokeze, uinakili. Jaribu spika, kamera zote mbili, sehemu ya kuchajia na kila laini. Kama simu iliwahi kufunguliwa na fundi, andika ilifunguliwa kwa ajili gani.

Hatua hii imekamilika pale daftari lako linapokuwa na kasoro tatu au nne zilizoandikwa bila kuzipamba. Ukimaliza bila kasoro hata moja kwa kitu kilichotumika miaka kadhaa, rudia, hukukagua.

## Hatua ya 2: Andika majibu kabla ya tangazo kutoka

Maswali ya wanunuzi hayana wingi unaodhaniwa. Ukiondoa salamu, yanabaki kama saba: bado ipo, bei ya mwisho ngapi, uko wapi, imetumika muda gani, ina tatizo gani, kwa nini unauza, na usafiri unakuwaje. Andika jibu la kila moja kwa sentensi mbili au tatu, kisha hamishia kwenye tangazo lenyewe yale yasiyo na siri: bei, eneo, umri wa kitu, vipimo na kasoro.

Hapa naomba niseme wazi kwamba mtindo wa kuandika "bei njoo inboksi" unawaumiza wauzaji wenyewe. Unaleta maswali mengi ambayo jibu lake ni tarakimu moja, na unamfanya mnunuzi mwenye fedha aamini kwamba bei itategemea sura yake.

Swali la "kwa nini unauza?" linastahili uangalifu wa pekee. Mnunuzi haulizi habari za maisha yako. Anauliza kama kitu kinaharibika, au kama ni cha wizi. Hofu hiyo ya pili ina msingi, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania humtia hatiani pia anayepokea mali akijua imeibwa. Jibu kwa ukweli mfupi unaogusa hofu zote mbili: "Nahamia Tabora mwisho wa mwezi na nyumba ninayokwenda ina friji. Risiti ya dukani ninayo, utaiona ukija." Ukianza kueleza ada za shule na ugomvi wa mirathi, utakuwa umemwonyesha kwamba una shida, naye atashusha bei kwa kipimo cha shida hiyo.

## Hatua ya 3: "Bado ipo?"

Wengi hujibu "Ipo" na kusubiri, na mnunuzi naye anasubiri, na mazungumzo yanafia hapo. Jibu lenye uhai lina mambo matatu: ipo, ipo wapi, na inaweza kuonekana lini.

"Salama ndugu yangu, karibu. Friji ipo, niko Mwanga, na imewashwa sasa hivi. Unaweza kuja kuiona leo kuanzia saa 10 jioni, au kesho asubuhi. Ipi inakufaa?"

Tanguliza kuitikia salamu, hata kama yeye hakusalimu. Tumia "ndugu" mpaka ujue unaongea na nani, kwa sababu picha ya mtoto kwenye wasifu haikuambii kama mwenye simu ni kijana au ni mzee anayestahili shikamoo. Usitoe namba ya nyumba katika hatua hii. Jina la mtaa linatosha.

Utajua umefaulu mnunuzi anapotaja saa. Akinyamaza, mwandikie mara moja tu siku inayofuata, kisha mwache.

## Hatua ya 4: Maswali ya hali ya kitu

Hapa ndipo biashara nyingi zinapovunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Niliwahi kuuza friji kwa mama mmoja wa Kibirizi aliyekuwa akiuza barafu kwa wachuuzi wa samaki. Aliniuliza kwa meseji, "Inagandisha?" Nikamjibu, "Inagandisha vizuri sana." Alipofika hakuangalia rangi wala mikwaruzo. Alifungua mlango wa friza, akabana pindo la kanga yake kwenye ukingo, akafunga, akalivuta. Likagoma. Akahamia upande wa bawaba, akabana tena, likateleza kama limepakwa mafuta.

"Mwanangu," akasema, "hapa baridi inatoka."

Nilikuwa nimekaa na ile friji miaka mitatu bila kujua. Alinipunguzia bei, nami sikuwa na la kubisha, kwa sababu "vizuri sana" halikuwa jibu. Alikuwa ameuliza kama maji yake yatakuwa barafu kabla ya alfajiri.

Kwa hiyo kila swali la hali lijibiwe kwa kipimo, kasoro na uthibitisho. Kabla ya kujibu kuhusu friji, iwashe kwa siku nzima, weka glasi ya maji kwenye friza, andika saa uliyoiweka na saa uliyoikuta imeganda. Kisha bana karatasi kwenye mlango, pande zote nne, ukiivuta kila mara. Karatasi ikiteleza, mpira wa mlango umechoka, na hilo litajwe. Jibu lako sasa linakuwa hivi:

"Nimeweka glasi ya maji saa 2 usiku, saa 11 alfajiri nimeikuta imeganda yote. Mpira wa mlango umelegea kidogo upande wa bawaba, na rafu moja ya mlangoni ina ufa. Nakutumia video inayoonyesha vyote."

Video hiyo isizidi dakika moja, na irekodiwe bila kukata: anza na friji nzima, fungua mlango ili taa ionekane, gusa barafu, sogeza kamera hadi kwenye kasoro, na umalizie kwenye kibandiko. Sauti ya kompresa isikike. Mnunuzi makini husikiliza mlio kuliko anavyotazama picha.

Kwa simu, maswali ya hali ni ya uhifadhi, betri na kama imewahi kufunguliwa. Usiseme "chaji inakaa". Sema ulichaji hadi 100 saa 1 asubuhi, ukaitumia kawaida, na saa 11 jioni ilikuwa imebaki asilimia fulani. Akitaka kuhakikisha kwamba simu si ya bandia, mwelekeze atume IMEI kwenda namba 15090 mbele yako mtakapokutana, naye atajibiwa aina ya simu iliyosajiliwa kwa namba hiyo. IMEI usiitume kwa kila anayeiomba mtandaoni, kwa kuwa namba hiyo ndiyo utambulisho wa simu yako na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuitumia kudai kwamba simu ni yake.

Makochi, vitanda na meza havina mengi: taja vipimo kwa sentimita, aina ya mbao kama unaijua, na useme kama kitanda kinafunguliwa vipande. Watu hununua kitanda kisha kinagoma kupita kwenye korido.

Onyo moja. Ukiulizwa jambo usilolijua, usikisie. Andika, "Sijalipima hilo, nipe mpaka saa 12 jioni nikujibu," kisha ulipime na ujibu saa hiyo. Nimeona ahadi hiyo ndogo ikitimizwa inamleta mnunuzi haraka kuliko sifa kumi.

## Hatua ya 5: "Mwisho ngapi?"

Anayeuliza bei ya mwisho kabla hajaona kitu anapima udhaifu wako. Ukimtajia bei yako ya chini kabisa kwa meseji, hiyo inageuka kuwa bei ya kuanzia atakapofika mlangoni, na utashushwa tena.

Tuseme umetangaza friji kwa shilingi 350,000, ungefurahi kwa 320,000, na hushuki chini ya 300,000. Jibu: "Bei ni 350,000 na maongezi yapo ukishaiona. Ukija leo na fedha kamili, na usafiri ukawa wako, tutaelewana." Punguzo lifungwe kwenye sharti, ama siku, ama usafiri, ama fedha taslimu, ili mnunuzi naye awe ametoa kitu.

Akisema, "Nina laki mbili cash, nakuja sasa hivi," usikasirike wala usimfokee. Wengi huanza hivyo kwa mazoea ya soko la Mwanga. Mwambie kwa heshima kwamba laki mbili haitoshi, mtajie bei ya tangazo mara moja, na umwandike kwenye daftari. Baada ya siku tano, kama friji bado ipo, huyo ndiye wa kwanza kumpigia, kwa kuwa ndiye aliyekwisha kusema ana fedha mkononi.

Usimdanganye mtu kwamba kuna mwingine anakuja na fedha zaidi. Kigoma ni mji mdogo, na wanunuzi wako wanafahamiana kuliko unavyodhani.

## Hatua ya 6: Mnunuzi wa Kasulu, Uvinza au ng'ambo ya ziwa

Tangazo likishatoka, utaulizwa na watu wa Kasulu, Kibondo na Uvinza, na pengine wa Bujumbura au Kalemie. Swali lao la kwanza ni usafiri, lakini lililo moyoni ni moja: nitajuaje kwamba kitu nilichokilipia ndicho kitakachofika?

Jibu bora kuliko yote ni kumwomba amtume ndugu au fundi aliye Kigoma aje kukikagua kwa niaba yake. Likishindikana, mpigie simu ya video kitu kikiwa kimewashwa. Mkikubaliana, gharama ya basi, treni au boti itajwe pembeni ya bei, na ijulikane nani anailipa. Ukifikisha mzigo ofisi ya basi pale stendi ya Masanga, au kwenye mizigo ya treni, upige picha pamoja na risiti yake na umtumie papo hapo.

Friji isafirishwe ikiwa imesimama. Ikilazwa, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba ya gesi, na mpokeaji akiiwasha mara tu inapofika anaweza kuiua. Mwandikie aisimamishe na kuiacha bila kuiwasha kwa saa kadhaa, ikiwezekana hadi kesho yake. Ujumbe huo uuhifadhi, kwa sababu ndio utakaokutetea akisema ulimuuzia friji mbovu.

Kwa wa ng'ambo, mambo matatu huleta mkanganyiko. Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa 1, kwa hiyo ukisema saa 4 asubuhi ongeza "kwa saa za Kigoma". Bei itajwe kwa shilingi za Tanzania, na uandike kwamba forodha na kibali chochote ni juu ya mnunuzi. Tatu, soketi nyingi za kwao huchukua pini za duara, wakati plagi yako ina pini tatu za bapa, mtajie mapema. Na akikuandikia "frigo", ndiyo hiyo hiyo friji.

## Hatua ya 7: Maswali yenye harufu ya utapeli

Mnunuzi wa kweli huuliza kuhusu kitu. Tapeli huuliza kuhusu wewe na fedha zako. Akikubali bei nzima bila kuuliza umri wala kasoro, kisha akataka kujua unatumia mtandao gani wa kupokelea fedha na jina lililosajiliwa, punguza mwendo.

Njia inayowanasa wengi ni meseji ya malipo ya uongo. Inaandikwa kwa maneno yale yale, "Umepokea Tsh", yenye namba ya muamala na salio, lakini imetoka kwenye namba ya kawaida ya simu badala ya jina la huduma. Papo hapo bajaji inapiga honi nje, na mnunuzi anapiga simu akisema dereva ana haraka. Haraka hiyo imepangwa. Usisome meseji, fungua menyu yako mwenyewe uangalie salio, kwa M-Pesa ni *150*00#, kwa Airtel Money *150*60#, kwa HaloPesa *150*88#. Salio lisipoongezeka, hakuna kilicholipwa, hata meseji ziwe kumi.

Ya pili ni ile ya "nimekosea nimezidisha, nirudishie laki moja." Hakikisha salio kwanza. Hata kama fedha zimeingia kweli, usirudishe kwa namba nyingine atakayokutajia. Mwambie apeleke ombi kwa mtoa huduma wake.

Ya tatu ni ombi la tarakimu 6. Anakuambia kuna namba ya uthibitisho (code) imekuja kwenye simu yako ili kuthibitisha kwamba wewe ni muuzaji halali, umsomee. Tarakimu hizo ni ufunguo wa akaunti yako ya WhatsApp au ya benki, na ukizisoma umempa nyumba. Vivyo hivyo namba ya siri, na picha ya kitambulisho cha NIDA. Hakuna mnunuzi wa kochi anayehitaji NIDA yako.

Jibu lako kwa yote matatu liwe moja, la adabu na lisilobadilika: "Mzigo unatoka fedha zikionekana kwenye salio langu." Usibishane wala usitukane. Meseji ya utapeli itume kwenda 15040, ambako wateja wa mitandao yote ya Tanzania huripoti namba za matapeli, kisha uizuie namba hiyo.

## Hatua ya 8: Siku ya kukutana

Saa mbili kabla ya miadi, mwandikie: "Nakusubiri saa 10, bado unakuja?" Asipojibu, usitoke. Kitu kinachobebeka kionyeshwe mahali penye watu. Friji na kabati haviwezi kuhama, kwa hiyo mkaribishe nyumbani ukiwa na mtu mwingine, na vyumba vingine vikiwa vimefungwa.

Rudia kwa mdomo kasoro zote ulizoziandika, ukizigusa kwa mkono. Mwache akague kwa utaratibu wake, hata ikichukua nusu saa, na usijaze ukimya kwa maneno. Muuzaji anayeongea sana mnunuzi akiwa anakagua huonekana anaficha kitu. Maswali mapya yakizuka, na huzuka, jibu kwa vipimo vilivyo kwenye daftari.

Fedha zikishaonekana, andikeni karatasi mbili zenye tarehe, kitu, namba ya modeli au IMEI, bei, kasoro zilizotajwa, na maneno "kimekaguliwa na kukubaliwa". Kila mmoja asaini na abaki na nakala. Karatasi hiyo ndiyo inayozima simu ya wiki ijayo inayoanza na "kaka, ile friji yako…".

Kama ni simu, toa laini na kadi ya kumbukumbu, ondoa akaunti yako ya Google au iCloud, ndipo uirudishe kama ilivyotoka kiwandani. Ukiifuta bila kuondoa akaunti, itamwomba mnunuzi nenosiri lako, naye atakurudia usiku huo huo akiwa amekasirika kwa haki.

Guta likishaondoka na mzigo, rudi kwenye tangazo uandike "imeuzwa" au ulifute kabisa. Pitia daftari, na kila aliyekuwa ameahidi kuja mtumie mstari mmoja wa kumjulisha. Wawili kati yao watakuuliza kama una kitu kingine.